Wakili wa Maskini Afunguapo Ofisi Yake

Maneno haya yamekusudiwa kwako wewe uliyesomea sheria katika Marekani, ukaapishwa, ukaingia katika ofisi ya utetezi wa umma, na sasa, baada ya miaka kadhaa ya kusimama kila siku mahakamani kwa ajili ya watu wasio na fedha ya kumlipa wakili, unawaza kutoka na kuweka jina lako mwenyewe juu ya mlango. Huenda wazazi wako walitoka Bukavu, au Kigoma, au Mombasa, na nyumbani kwenu husemwa Kiswahili. Huenda jamaa zako huuliza kwa nini mtu mwenye elimu kama yako aendelee kupokea mshahara wa serikali ilhali wenzake aliomaliza nao chuo wamekwisha kununua nyumba. Sitakushauri utoke, wala sitakushauri ubaki, kwani hilo ni lako. Nitakalosema ni mambo yanayokupasa kuyatengeneza kabla ya kutoka, na yale yanayokupasa kuyalinda ukisha kutoka, maana kazi hizi mbili, ijapokuwa watu huzitazama kama pande mbili zisizokutana, zatumia ustadi mmoja na kiapo kimoja, na kinachozitenga kwa kweli ni kitu kimoja tu, nacho ni wakati.

Kazi unayoiaga ina nasaba yake. Mwaka 1893, wakati wa maonyesho makuu ya Chicago, Clara Shortridge Foltz, mwanamke wa kwanza kuwa wakili katika pwani ya magharibi ya Marekani, alisimama mbele ya mkutano wa wanasheria akatoa hoja kwamba, maadamu dola humlipa mtu wa kushitaki, insafu yataka imlipe na mtu wa kutetea. Ofisi ya kwanza ya utetezi wa umma ilifunguliwa Los Angeles mwaka 1914, lakini nchi kwa jumla ilingoja hadi tarehe 18 Machi 1963, siku ambayo Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliamua katika shauri la Clarence Earl Gideon kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili. Gideon alikuwa ameshitakiwa mwaka 1961 kwa kuvunja na kuingia katika jumba la kuchezea biliadi mjini Panama City, Florida. Aliomba wakili, akaambiwa kwamba sheria ya jimbo hilo humpa wakili wa bure yule tu anayekabiliwa na adhabu ya kifo. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5, na kutoka gerezani akaandika ombi lake kwa kalamu ya risasi.

Wengi huishia hapo katika kuisimulia habari ya Gideon, ila kwako wewe lenye faida kubwa zaidi ni lililofuata. Kesi yake ilirudiwa tarehe 5 Agosti 1963, na safari hii alisimama pamoja naye W. Fred Turner, wakili wa binafsi wa mji ule, ambaye Gideon mwenyewe alimtaka na mahakama ikamteua. Upande wa mashtaka ulimleta dereva wa teksi, akaeleza kwamba asubuhi ya tukio alimchukua Gideon, na Gideon akamwambia asimwambie mtu yeyote kwamba alimchukua. Fikiri jinsi maneno hayo yanavyoingia katika masikio ya juri: mtu asiye na kosa ana lipi la kuficha alfajiri? Turner aliposimama kumdodosa shahidi huyo, alimwuliza kama Gideon alikuwa amewahi kumwambia hivyo siku nyingine. Dereva akajibu kwamba ndiyo, alikuwa akimwambia vivyo hivyo kila mara. Alipoulizwa sababu, akasema alivyofahamu yeye ni kwamba Gideon alikuwa na matata na mkewe. Dalili ambayo ingemrudisha mtu gerezani iligeuka, kwa maswali mawili mafupi, ikawa habari ya ugomvi wa nyumbani, na juri ikakaa saa moja na dakika chache ikarudi na kusema kwamba hana hatia.

Swali kama lile haliji kwa kipaji peke yake. Turner alikuwa amezunguka mjini kabla ya siku ya kesi, akazungumza na mashahidi, akajua nani anamjua nani, na ndipo akasimama na kuuliza bila hofu jambo ambalo wakili asiyejitayarisha angehofia kuliuliza. Aliipata nafasi ya kuzunguka. Nafasi hiyo ndiyo unayoikosa sasa hivi, nayo ndiyo utakayoiuza kesho.

Tazama hesabu. Mwaka 1973 tume ya kitaifa iliyochunguza mambo ya haki za jinai iliweka kipimo kwamba mtetezi wa umma asipewe zaidi ya kesi 150 za makosa makubwa kwa mwaka, au 400 za makosa madogo. Mwaka wa kazi wa saa arobaini kwa wiki una saa 2,080. Zigawanye kwa 150, nawe utapata saa zisizotimia 14 kwa kila mshtakiwa, na ndani ya hizo mna safari za gerezani, kusoma majalada, kungoja mahakamani, kubishana na mwendesha mashtaka, na kuandika maombi. Mwaka 2023 utafiti mwingine, uliofanywa na shirika la RAND pamoja na wenzake, uliuliza mawakili wazoefu kazi hasa yahitaji saa ngapi, na jibu likawa kwamba kosa dogo kabisa la chini lahitaji saa 13.8, yaani takriban muda ule ule ambao kipimo cha zamani kilimpa mtu anayeweza kupoteza miaka kumi ya umri wake. Kosa kubwa la daraja la kati likahitaji saa 57, na shauri la kuua mtu saa 248. Wewe huhitaji kuambiwa haya, kwa kuwa umeyaishi. Nayaweka hapa kwa sababu hesabu hii hii ndiyo itakayokuongoza katika kupanga ada, katika kukataa kesi, na katika kuajiri.

Sasa, wakati wa kutoka. Watu huuliza ni miaka mingapi itoshayo, na mimi naona miaka ni kipimo kibovu. Jiulize badala yake mambo haya: Je, umewahi kuisimamia kesi ya kosa kubwa tangu siku ya kuchagua wajumbe wa juri hadi siku ya hukumu, wewe ukiwa wakili mkuu na si msaidizi? Je, umewahi kumdodosa mtaalamu wa maabara, na polisi mzoefu aliyetoa ushahidi mara nyingi kuliko wewe ulivyosimama? Je, umewahi kushindwa kesi uliyoamini, ukarudi kesho yake mahakamani na sauti yako haikutetemeka? Ikiwa mojawapo ya majibu ni hapana, basi hapo ulipo ndipo mahali pa kuyapata, kwa maana huko nje mteja atakayekulipa akuache ujifunze kwake hayuko. Majuri ya Marekani ni raia wa kawaida ambao wao wenyewe hutoa uamuzi, si kama wale wazee wa baraza ambao katika mahakama kuu za Afrika Mashariki walikuwa wakimshauri jaji tu. Na elimu ya kusema na raia kumi na wawili usiowajua, hata wakakuamini, hupatikana kwa kusema nao mara kwa mara.

Na hii ndiyo mali yako kubwa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe ilieleza, katika shauri la Missouri na Frye, kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na 94 katika za majimbo, hutokana na washtakiwa kukiri makosa. Katika nchi ambamo kesi zinazosikilizwa hadi mwisho ni chache hivyo, mawakili wengi wa makampuni makubwa hupitisha mwaka baada ya mwaka bila kusimama mbele ya juri, ilhali wewe umesimama. Mwendesha mashtaka anayejua kwamba wakili aliye mbele yake haogopi kesi humpa mteja wa wakili huyo masharti mengine katika makubaliano ya kukiri. Usiruhusu mtu akuambie kwamba ulikotoka hapakuwa na uwakili wa kweli. Jibu lake ni daftari la kesi zako.

Yako mambo ya fedha ambayo vijana huyapuuza kwa sababu hayana fahari, nayo yakamwangusha mtu. Ikiwa ulikopa ili kusoma, kumbuka kwamba kwa sheria ya mwaka 2007 mkopo wa shirikisho husamehewa mtu anayefanya kazi ya umma akisha kulipa malipo 120 ya kila mwezi, na anayeacha kazi hiyo akiwa na malipo 105 hana msamaha mkononi, ana deni. Hesabu malipo yako kwa barua ya mwenye kukusanya mkopo, si kwa kukisia. Bima ya afya ya familia, ambayo leo hukatwa katika mshahara bila wewe kuiona, itakuwa juu yako tangu siku ya kwanza. Bima ya makosa ya kitaaluma inunue kabla ya kumpokea mteja wa kwanza. Nawe uwe na akiba ya kuendeshea nyumba na ofisi kwa miezi isiyopungua minane, kwa maana ada ya kwanza huchelewa na kodi ya pango haichelewi.

Kuhusu wateja ulio nao sasa, shika sana. Wao waliteuliwa kwa ofisi. Huwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba akikulipa utaendelea naye nje, na katika majimbo mengi jambo hilo ni kosa lililo wazi. Waage kwa staha, mkabidhi wakili anayekufuata jalada lililopangwa, na andika katika karatasi ya mbele mambo usiyotaka yasahaulike: shahidi gani anahama mwezi ujao, ombi gani lina mwisho wake, mteja gani hasomi na huona haya kusema. Kisha chukua nawe kumbukumbu ya majina ya watu uliowawakilisha, kwa kadiri ofisi inavyokuruhusu, kwa sababu kiapo chako cha kutunza siri zao hakina mwisho, na siku atakapokuja mteja mpya ambaye utetezi wake ni kumtupia lawama mmoja wa wale wa zamani, itakubidi umwambie aende kwa wakili mwingine, hata kama ada yake ingelipa pango la mwaka mzima.

Sasa niingie katika jambo la ada, ambalo nitalikalia kidogo, maana ndilo linalowasumbua zaidi watu watokao utetezi wa umma. Mtu aliyezoea kumtetea maskini bila kumwomba senti huona haya kutaja bei mbele ya mama anayelia. Haya hiyo ni dalili ya moyo mwema, walakini usipoitawala itawadhuru wewe na mama huyo, kwa kuwa utataja bei ndogo, utachukua kesi nyingi ili kufidia, na kabla ya mwaka kwisha utajikuta una kesi mia na hamsini, huna mpelelezi, na unawatendea wanaokulipa kile kile ambacho ukosefu wa fedha za serikali ulikulazimisha kuwatendea wasiolipa. Kwangu mimi hiyo ni dhulma, kwa maana yule wa kwanza hakuuziwa kitu, na huyu ameuziwa saa ambazo huna.

Basi panga hivi. Katika zile saa 2,080 toa robo kwa ajili ya kuendesha ofisi, kujibu simu, kutunza vitabu vya hesabu na kusoma sheria mpya. Zitabaki 1,560; tuseme 1,500. Ikiwa kesi kubwa ya daraja la kati yahitaji saa 57, basi huwezi kuchukua kwa haki zaidi ya kesi 26 za namna hiyo kwa mwaka. Jumlisha gharama zote za mwaka za ofisi na za nyumbani, pamoja na kodi ya mapato, ugawanye kwa saa 1,500, nawe utapata thamani ya chini ya saa yako. Hapo ndipo bei uitajayo itakuwa na sababu, na mtu mwenye sababu hutaja bei bila kutazama chini. Ukimhurumia mteja, mpunguzie kwa kujua umempunguzia saa ngapi, uzihesabu kuwa ni sadaka yako, na wala usizitoe katika kesi ya mwingine.

Mkataba uwe wa maandishi, na ugawe kazi kwa hatua: ada ya tangu kukamatwa hadi makubaliano au maombi ya awali, ada nyingine ikiwa kesi itasikilizwa na juri, na rufaa kando kabisa. Eleza wazi kwamba gharama za mpelelezi na za mtaalamu hazimo. Usikubali katika kesi ya jinai malipo yanayotegemea ushindi, kwa sababu kanuni za maadili za uwakili nchini humo zimeyakataza, na kwa haki, maana wakili ambaye hulipwa tu mshtakiwa akiachiwa angeshawishika kumzuia asikubali masharti mema. Fedha ambayo hujaifanyia kazi bado ni ya mteja. Iweke katika akaunti ya amana, mbali kabisa na fedha ya ofisi, na usiiguse hata kwa kuazima siku moja. Mawakili hodari, wenye ndimi za kuyeyusha mawe, wamenyang'anywa leseni kwa sababu ya akaunti hii zaidi kuliko kwa sababu ya jambo lolote walilolisema mahakamani.

Katika jamii zetu lipo tatizo moja ambalo vitabu vya Marekani hulipitia upesi. Kijana akikamatwa, anayelipa si yeye. Wajomba hukutana, kanisa au msikiti huchangisha, mtu hutuma kutoka Ohio na mwingine kutoka Texas, na siku ya pili mzee wa ukoo huja ofisini na fedha, anakaa, anauliza: "Mwanangu, huyu kijana wetu amekuambia nini? Alifanya au hakufanya?" Kwa mila zetu mzee huyu ana haki ya kujibiwa, kwa kiapo chako hana. Kanuni zasema kwamba mtu mwingine aweza kumlipia mteja ikiwa mteja ameridhia baada ya kuelezwa, na ikiwa mlipaji haingilii uamuzi wa wakili wala hapewi siri. Jifunze kuyasema hayo kwa Kiswahili cha adabu kabla hujayahitaji. Mwambie: "Shikamoo, mzee. Fedha nimezipokea, na stakabadhi yenu hii hapa. Nanyi mmefanya jambo la utu. Lakini aliyonieleza kijana yatakaa kwangu, kwa sababu nikikuambia wewe leo, kesho mwendesha mashtaka aweza kukuita mahakamani ukayaseme chini ya kiapo, na utakuwa umemfunga mwanao kwa mdomo wako." Mzee akisha kufahamu kwamba kunyamaza kwako ni ngao ya mtoto wake, na si kiburi cha msomi, ataondoka akiwa na heshima yake, na aghalabu ndiye atakayekuletea mteja mwingine.

Jambo la pili la jamii zetu ni uhamiaji. Mwaka 2010, katika shauri la Padilla na jimbo la Kentucky, Mahakama Kuu ilisema kwamba wakili wa jinai anapaswa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamfukuzisha nchini. José Padilla alizaliwa Honduras, aliishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, alikuwa mwanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam, na wakili wake alimwambia kwamba kwa kuwa ameishi muda mrefu asiwe na wasiwasi. Neno hilo lilikuwa kosa. Mteja wako aliyekuja kama mkimbizi kutoka Kongo, akakaa kambini Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, aweza kupewa na mwendesha mashtaka kifungo cha nje ambacho machoni pa raia ni rehema, na kwake kikawa mlango wa kurudishwa. Kwa hiyo swali la kwanza unalomwuliza kila mteja, kabla hata ya kumwuliza habari za kosa, liwe mahali alipozaliwa na karatasi alizo nazo. Na uwe na wakili wa uhamiaji unayemlipa kwa ushauri, kwani sheria ile ni bahari nyingine.

Aidha, kujua kwako Kiswahili kutakuvutia wateja, nako ni neema, lakini usijifanye mkalimani wa mteja wako mahakamani. Kwa sheria ya mwaka 1978 mahakama za shirikisho huweka wakalimani kwa mtu asiyejua Kiingereza, na mahakama za majimbo nazo zina taratibu zake. Omba mkalimani mapema, uulize anatoka wapi, maana mtu wa Fizi na mtu wa Unguja husikilizana sokoni bila taabu, lakini wakihojiwa juu ya usiku mmoja wenye giza na hofu waweza kupishana katika neno litakalobeba kesi. Wewe kaa usikilize, na ukisikia tafsiri imekwenda kombo, simama umwambie jaji.

Kuhusu watu wa kazi: wa kwanza kumwajiri, hata kwa kumlipa kwa saa, awe mpelelezi. Mawakili wengi huanza na mwandishi wa ofisi na meza nzuri, nami naona wanakosea. Mpelelezi ndiye atakayegonga milango na kumpata dereva wa teksi wako. Wala usiende peke yako kwa shahidi, kwani akibadili maneno mahakamani, anayeweza kutoa ushahidi kwamba alisema vingine ni yule aliyekuwapo, na kwa kanuni wakili hawezi kuwa shahidi katika kesi ile ile anayoisimamia. Enda na mpelelezi, yeye aandike, nawe usikilize.

Huenda baada ya muda ukavutwa na madai ya raia dhidi ya polisi na magereza. Njia hiyo imepitiwa na wengi waliotoka utetezini: Barry Scheck na Peter Neufeld walifanya kazi katika shirika la msaada wa kisheria liitwalo Legal Aid Society pale Bronx kabla ya kuanzisha, mwaka 1992, ile kazi ya kuwatoa gerezani waliofungwa bila hatia kwa ithibati ya vinasaba, na baadaye wakawa na kampuni ya kudai fidia kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Sheria inayotumika hasa ni ya mwaka 1871, iliyopitishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ili watu weusi wa kusini wapate pa kushitaki dhulma ya watumishi wa dola; na tangu mwaka 1976 mahakama yaweza kuamuru anayeshinda alipwe pia ada ya wakili wake. Huku malipo ya sehemu ya ushindi yanaruhusiwa, kwa hiyo maskini aweza kukupata; lakini kesi moja huchukua miaka, nawe ndiwe unayegharimia wataalamu, kwa hiyo usichukue zaidi ya moja au mbili kabla ofisi haijasimama. Wengine hutoka kwa njia nyingine kabisa. Ketanji Brown Jackson alikuwa mtetezi wa umma wa shirikisho mjini Washington kuanzia 2005 hadi 2007, akaenda katika kampuni kubwa ya mawakili, kisha akawa jaji, na mwaka 2022 akaingia Mahakama Kuu, wa kwanza kati ya majaji wake wote kuwahi kuwa mtetezi wa umma wa shirikisho.

Ukitoka, usiondoe mkono wote. Sheria ya mwaka 1964 iliweka utaratibu ambao kwao mahakama za shirikisho huwateua mawakili wa binafsi kwa washtakiwa wasio na uwezo, hususan pale ambapo ofisi ya utetezi inamtetea mwenzake katika kesi ile ile, na majimbo yana orodha zao. Andikisha jina lako. Malipo yake ni ya saa, madogo kuliko ada ya soko, lakini hulipwa na dola bila kudaiana na mteja, na katika mwaka wa kwanza yatakushika mkono. Na zaidi ya hayo, kesi hizo zitakuweka mahakamani wakati ambapo wateja wenye fedha wanapungua, majaji wasije wakakusahau. Turner naye alikuwa wakili wa binafsi aliyeteuliwa alipomtetea Gideon. Wapo wanaosema kwamba wakili wa binafsi huipokea kesi ya kuteuliwa kwa mkono wa kushoto. Ukijiona unafanya hivyo, omba jina lako litolewe, kwa maana mtu aliye mahabusu hana namna ya kujua kwamba saa zake amepewa mwingine.

Limebaki jambo la kufunga jalada, ambalo utetezini lilifanywa na karani, na sasa ni lako. Kesi ikiisha, mwandikie mteja barua, kwa lugha anayoisoma, umweleze kilichoamuliwa, fedha iliyobaki katika amana na hundi yake, na kwamba jalada ni lake akilitaka. Ikiwa amehukumiwa, kaa naye siku ile ile, mahabusu au popote alipo, umweleze habari ya rufaa na umwulize anataka au hataki, uandike jibu lake na saa aliyolitoa. Katika mahakama za shirikisho mshtakiwa ana siku 14 tu za kuwasilisha taarifa ya rufaa, na mwaka 2019, katika shauri la Garza na jimbo la Idaho, Mahakama Kuu ilishikilia kwamba wakili aliyeambiwa na mteja akate rufaa, asikate, amemnyima mteja huyo haki yake, hata kama mteja alikwisha kutia sahihi ya kuiacha. Taarifa yenyewe ni karatasi moja. Iandike, iwasilishe mahakamani, pokea nakala yenye mhuri, umpelekee mkononi.